Kisu cha Pili

Mama Nukta alizaliwa na hasira, lakini ile ya mwaka wa kopo la chakula ilikuwa nyingine. Ile aliletewa. Aliletewa ndani ya boksi la visu kumi, na mtu aliyeitwa Shemeji.

Mama Nukta alikuwa fundi wa kuchonga kalibu. Kalibu ni bonge la chuma lililochimbwa tundu lenye umbo la kitu. Plastiki ya moto inasukumwa humo, ikipoa unatoa ndoo, au kiti, au kifuniko. Watu wananunua ndoo hawaulizi nani alichimba lile tundu. Kwa ndoo za mtaa wao, alichimba yeye.

Na ukisikia kisu, usifikirie kile cha kukatia nyanya. Kisu cha mashine ni kijiti cha chuma kigumu, kinene kama kidole au chembamba kama njiti ya kiberiti, chenye meno yaliyojizungusha toka ncha kwenda juu. Mashine inakizungusha, meno yanakula chuma. Vipo vya ncha bapa, vya kusawazisha sakafu ya tundu. Vipo vya ncha ya mviringo, vya kufuata mabonde na mikunjo. Vipo vifupi vyenye nguvu, vya kuondoa chuma kingi haraka, na virefu vyenye woga, vya kushuka kwenye kona za kina. Kujua kipi kiende wapi, hiyo ndiyo kazi. Kubonyeza vitufe anaweza hata mlinzi wa getini.

Hakuingia karakana kama fundi. Aliingia na fagio. Darasa la nne aliliacha njiani, kusoma barua kulimtoa jasho mpaka mwisho, ila namba zilimkubali. Kazi yake ilikuwa kuzoa maranda ya chuma chini ya mashine. Mwaka mzima alizoa, na mwaka mzima aliangalia. Akaona maranda ya mashine moja yanatoka na rangi ya chai, mafupi, yamejikunja vizuri. Ya mashine nyingine yanatoka meusi, mengine kama unga. Siku moja alisimama na fagio lake akamwambia fundi mkuu wa wakati ule, "Baba, kisu chako hakili tena. Kinasugua."

Fundi mkuu akamwangalia juu chini. "Nani kakuambia?"

"Takataka zako."

Fundi akazima mashine, akachomoa kisu. Meno yalikuwa yamekwisha. Tangu siku hiyo alimwita asimame karibu.

Jina la Nukta lilikuja baadaye, kwa sababu ya ubishi wake. Mtu akimwambia kisu hiki ni cha milimita kumi, yeye atauliza, "Kumi nukta ngapi?" Ukimwambia kumi tu, atakunyang'anya, atakibana kwenye maikrometa yake, atasoma mwenyewe. Maikrometa hiyo aliirithi kwa yule fundi mkuu. Hakumwazima mtu. Hata mumewe, mshona viatu, aliwahi kuiomba apimie unene wa soli, akaambiwa, "Wewe pima kwa gumba kama kawaida yako."

Miaka ishirini na sita alisimama kwenye mashine ile, ya tatu toka mlangoni, karibu na dirisha lenye kioo kilichopasuka. Visu vilikuja toka kwa muuzaji mmoja yule yule. Ukifungua boksi unapima kimoja; kikiwa sawa, vyote ni sawa. Hiyo ilikuwa kawaida ya karakana nzima, na haikuwahi kuwaangusha.

Kisha akaja Shemeji.

Alikuwa ndugu wa mke wa Tajiri, mwenye karakana. Tajiri alimwita shemeji, basi na mlinzi akamwita Shemeji, na wafagiaji, na mafundi, mpaka ikawa ndiyo cheo chake. Alipewa kazi ya ununuzi. Viatu vyake vilikuwa safi siku zote, na hilo peke yake lilitosha kumuudhi Mama Nukta, maana karakana ile hata paka alitoka na mafuta miguuni.

Wiki ya pili, maboksi yakabadilika rangi.

"Shemeji, visu vyetu vya siku zote viko wapi?"

"Vimeisha, mama. Hivi ndivyo vipya. Nafuu, na vinafika upesi."

"Nafuu kwa nani?"

"Aa, mama naye! Kisu ni kisu."

"Na kiatu ni kiatu. Mbona hukuja na cha mkeo?"

Mafundi wakacheka mpaka Shemeji akaufyata, akaenda zake. Lakini maboksi hayakuondoka.

Ndipo ikaja kazi ya kopo la chakula. Kopo la mraba, refu kwenda chini, lenye kifuniko cha kufunga kwa mlio. Kwenye kopo la namna hiyo mdomo ndio kila kitu. Ukizidi unene wa nywele mbili tatu, kifuniko hakiingii.

Alichimba kwa siku tano. Kwa kazi ya kwanza, ya kuondoa chuma kingi, alitumia visu vyake vya akiba, vya zamani. Vikaisha. Kwa kusafisha kuta alibaki na boksi la Shemeji: visu kumi, virefu, kila kimoja kimeandikwa kumi shingoni. Akachukua cha kwanza, akapima.

Tisa nukta saba.

Akapima tena. Akafuta maikrometa, akapima mara ya tatu. Tisa nukta saba.

Akatoka nacho mpaka ofisini kwa Shemeji. "Hiki kimeandikwa kumi. Ni tisa nukta saba."

Shemeji hakuinua macho kwenye simu. "Si uiambie mashine? Mashine ya kompyuta hiyo, mama. Iambie ni tisa nukta saba, itajipanga."

Kilichomuuma ni kwamba maneno hayo yalikuwa kweli. Mashine ukiiambia unene wa kisu, inajua isogee karibu na ukuta kiasi gani. Akarudi, akaiambia. Akachonga. Kuta zikatoka sawa, vipimo vikakaa. Akajisemea moyoni: kiwanda kikikosea kinakosea boksi zima. Vyote kumi vitakuwa tisa nukta saba.

Saa nane mchana kisu kikakatika. Kona ya tatu, chini kabisa, mlio mmoja mkavu, basi. Chuma cha hovyo. Alitukana tusi moja la kiutu uzima, akachukua cha pili kutoka boksi lile lile, akakifunga, akabonyeza.

Sauti ilikuwa nene kidogo. Aliisikia. Akadhani ni meno mapya. Akaiacha.

Kesho yake kalibu ikafungwa kwenye mashine ya plastiki kwa majaribio. Makopo matatu yakatoka, yanang'aa. Kifuniko kikawekwa. Upande mmoja kilikaa, upande wa pili kikaruka juu kama kifuniko cha sufuria inayochemka. Wakabonyeza kwa viganja. Kikaruka tena. Akapima mdomo wa kalibu: umepanuka, nukta tatu. Chuma kilicholiwa hakirudi.

Cha pili kilikuwa kumi kamili. Mashine ilidhani inashika kisu chembamba, ikakisogeza ukutani. Boksi lilikuwa na mchanganyiko.

Asubuhi iliyofuata Tajiri aliwasimamisha watu wote getini, kama ilivyokuwa desturi yake kila akiwa na neno. Watu arobaini, wengine bado wanatafuna mkate. Shemeji alisimama nyuma yake, viatu vinang'aa.

"Kalibu ya kopo imeharibika," Tajiri akasema. "Siwezi kuficha. Mama yetu huyu tunamheshimu, amefanya kazi kubwa. Lakini mkono umezeeka. Na macho pia. Ni hali ya ubinadamu."

Hakumwangalia aliposema hivyo. Wengine ndio walimwangalia, na wale waliojali waliangalia chini. Mama Nukta akaletewa karatasi. Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Ilisema kazi imeharibika kwa uzembe wa fundi. Akiweka sahihi atahamishiwa kwenye ufungashaji, kupanga vifuniko ndani ya makatoni. Asipoweka, atafute kwa kwenda. Alipewa mpaka Ijumaa.

Miaka ishirini na sita, halafu makatoni.

Jioni alifika nyumbani akatupa mkoba juu ya kitanda. Mumewe alikuwa mlangoni na kiatu cha mtu gotini, anashona kisigino. Mama Nukta alizungumza bila kuvuta pumzi. Alimsema Shemeji, akamsema dada yake Shemeji, akamsema Tajiri toka siku alipofungua karakana. Alichana nywele huku akisema, na vipande vidogo vya chuma vikaanguka sakafuni, kama kila siku.

"Mkono umezeeka! Mkono huu! Kaniletea boksi la makapi, limechanganywa kama maharage ya gengeni, halafu mkono ndio umezeeka!"

Mumewe alivuta uzi, akaukata kwa meno. Akauliza, "Cha pili ulikipima?"

Kitana kikabaki hewani.

Hakusema naye jioni ile, wala kesho yake, wala kesho kutwa yake mpaka jua linazama. Chakula aliweka mezani, akageuka. Mumewe alimwacha. Alidhani siku mbili si kitu. Baadaye, alipobaki peke yake, ndipo alijua siku mbili ni nyingi kiasi gani.

Siku ya tatu, jioni, Mama Nukta alirudi akaketi kwenye kigoda anavua viatu. Akasema, kama anayesema na kamba za viatu, "Sikukipima."

"Najua."

"Umejuaje?"

"Ungekipima, siku ile ungenipiga na hiki kiatu."

Akacheka bila kutaka. Kisha akakasirika upya, lakini sasa hasira ilikuwa imejigawa vipande viwili na kila kipande kilikuwa na mwenyewe. "Cha kwangu nakibeba," akasema. "Niliisikia ile sauti. Nikaiacha ipite. Cha kwangu nabeba. Lakini chake hanibebeshi."

Kesho yake, Alhamisi, aliingia ofisini kwa Tajiri bila kubisha. Akaweka boksi mezani, juu ya makaratasi yake, na maikrometa pembeni.

"Hesabu na mimi."

"Mama, nina wageni saa nne."

"Visu tisa. Hutachelewa."

Akapima kimoja kimoja, akimgeuzia asome mwenyewe. Kumi. Kumi. Tisa nukta saba. Kumi. Tisa nukta sita. Tajiri alianza kusoma kwa sauti, katikati akaacha. Vilipoisha, vitano vilikuwa upande wa kulia, vinne upande wa kushoto. Akampa kioo cha kukuzia.

"Angalia meno ya hivi vinne. Unaona hiyo mikwaruzo? Hiyo ni jiwe la kunolea. Vimeshafanya kazi kwa mtu mwingine, vimechakaa, vimenolewa. Kisu kikinolewa kinakonda. Mtu kavichanganya na vipya, kafunga boksi, kamuuzia shemeji yako. Na shemeji yako nilimwambia, siku ile ile, kabla ya kukata. Kaniambia niiambie mashine."

Tajiri alirudisha kioo. "Nitaongea naye nyumbani."

"Kalibu haikuharibikia nyumbani kwako."

"Mama, usinipandishie sauti."

"Hii ndiyo ya chini."

Tajiri alishika tama. Wageni wa saa nne walikuwa ndio wenye kopo. Hakuwa na kalibu nyingine, wala chuma cha kuanza upya, wala siku. "Inaponyeka?" akauliza.

"Inaponyeka. Na ikipona utasimama pale getini, mbele ya wale wale, useme."

"Iponye kwanza."

Hakuahidi. Mama Nukta alilijua hilo, lakini kalibu ilikuwa kazi ya mkono wake na hakutaka kuiacha na mdomo mbovu kama ule. Akamwita mchomeleaji, mzee mwenzake aliyemaliza miwani mitatu kwa cheche. Wakaipasha kalibu joto kwanza, isije ikapasuka, mchomeleaji akaongeza chuma ukutani, tabaka jembamba juu ya tabaka.

"Usinijazie kama unaziba pancha," Mama Nukta akamwambia.

"Kata huko. Mimi na wewe nani alianza kazi?"

"Wewe ulianza. Mimi ndiye niliyejifunza."

Chuma cha kuchomelea kinakuwa kigumu, tena si kigumu sawasawa. Mahali pengine kisu kinapita, hatua moja mbele kinagonga. Kwa hiyo hakugusa kisu kirefu tena. Alitafuta kishikio chembamba chenye kushuka ndani ya tundu, ili kisu chenyewe kitokeze nje kidogo tu. Kadiri kinavyotokeza, ndivyo kinavyotetemeka. Na hakuchukua cha kumi. Kona ya kalibu ilikuwa na mviringo wa nusu kipenyo cha milimita tano, na kisu cha kumi kingejaa kona nzima kama mguu kwenye kiatu kinachobana, kikapiga kelele na kuchimba. Alichukua cha nane, kipate nafasi ya kutembea kwenye kona. Alikinunua mwenyewe, kwa muuzaji wa zamani, akakipokea dirishani kwa mkono wake. Nane nukta sifuri sifuri. Akapima na cha akiba. Nane nukta sifuri sifuri.

Akazima maji ya kupoozea kisu. Chuma kigumu kikipata moto ukakimwagia maji, kikapata moto tena ukakimwagia tena, meno ya kisu yanapasuka. Akafungulia upepo tu, wa kupuliza maranda. Akala chuma kidogo kidogo, lakini bila kuogopa, maana kisu kinachogusa bila kuuma kinasugua tu mpaka kinakwisha. Akasimama ameinamisha kichwa, sikio kwenye mashine. Mtu alipopita akamsalimu hakuitikia. Safari hii kila sauti iliyobadilika alizima, akachomoa, akapima, akarudisha. Mara kumi na moja.

Makopo matatu yakatoka. Kifuniko kikawekwa. Ta! Kikafunga. Kona nne, ta, ta, ta. Ukitazama kopo kwenye mwanga uliona kivuli chembamba pale palipochomelewa, lakini nani anatazama kopo kwenye mwanga. Wenye kopo, waliokuwa wameombwa warudi baadaye, walilifunga na kulifungua kama watoto, wakaenda wamefurahi.

Tajiri akamfuata mashineni, uso umechangamka. "Mama, wewe ni moto wa kuotea mbali! Karatasi ile nimeshaichana." Akatoa vipande mfukoni kumwonyesha. "Mambo yamekwisha."

"Na maneno?"

"Maneno gani?"

"Ya getini. Hayo kayachana nani?"

"Aa, mama. Watu wameshasahau. Tukiyaamsha tutaumizana bure. Yule ni ndugu wa mke wangu, nifanyeje?"

Mama Nukta aliona anavikwa kilemba cha ukoka mashineni walipo wawili, wakati matope alipakwa mbele ya arobaini. Alifuta mashine, akafunga droo.

Asubuhi aliwahi kuliko mlinzi. Watu walipoanza kuingia, alisimama pale pale anaposimama Tajiri, akapiga chuma kwa chuma mpaka wakakusanyika. Tajiri alikuwa anashuka garini. Shemeji alikuwa tayari ndani ya geti, ameshika chai.

"Nina maneno mawili," Mama Nukta akasema. "La kwanza. Kisu cha pili sikukipima. Niliisikia sauti imebadilika, nikaiacha. Hilo ni kosa langu, na si la uzee. Hata ningekuwa na miaka ishirini lingekuwa kosa."

Watu walibaki midomo wazi. Hakuna aliyewahi kumsikia akisema amekosa. Shemeji akainua kikombe. "Ahaa! Mmesikia? Kakiri mwenyewe!"

"Nimekiri langu. Sasa la pili ni lako. Boksi lilichanganywa, visu vilivyonolewa viliuzwa kama vipya. Nilikuletea mkononi kabla sijakata, ukaangalia simu. Tajiri kavisoma kwa macho yake mwenyewe. Yule pale, mwulizeni."

Wakageuka wote. Tajiri alisimama ameshika mlango wa gari. Akaangalia saa yake.

"Nimemaliza," Mama Nukta akasema. "Mwenye karatasi nyingine alete."

Haikuletwa. Aliingia ndani, akavaa koti, lakini mashine hakuiwasha. Alivuta droo, akatoa visu vyote vilivyokuwa ndani, vipya na vya zamani, akavipanga juu ya kitambaa, akaanza kupima. Fundi wa mashine ya nne alimwangalia kidogo. Akavuta droo yake. Kisha wa kwanza, kisha wa pili, kisha wale wa upande wa ukuta. Aliyekuwa hana maikrometa alisimama nyuma ya mwenye nayo akingoja zamu. Karakana ambayo kila siku ilikuwa huwezi kusikia hata jina lako ikawa kimya, vyuma vidogo tu vikigongana.

Kila kilichopungua, mtu alisimama, akatembea nacho mpaka ofisini, akakilaza mezani kwa Shemeji, karibu na chai. Vilipofika kumi na tisa, Shemeji alitoka nje akaanza kupiga simu, na alipiga muda mrefu.

Saa nne Tajiri akaja, anapita katikati ya mashine zilizozimwa. Akasimama kwa Mama Nukta. Sauti aliishusha.

"Mama, hii inaisha saa ngapi?"

"Ikiisha," akasema, akachukua kingine.